Mvua za Jumapili

Milembe alinipigia nikiwa darasani, nawafundisha vijana sita namna ya kukadiria mafuriko kwa kompyuta, na kwa kuwa sikuijua namba yake sikupokea. Akapiga tena. Nikatoka mlangoni. "Shikamoo dada Koku. Ni Milembe, mtoto wa Mzee Lushinge, yule aliyekuwa anapima mvua. Baba ametutoka jana. Aliacha maneno kwamba ukipatikana uambiwe." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikarudi kumalizia somo. Vijana wangu siku hizi hupakua mvua kutoka kwenye setilaiti, wala hawajawahi kushika kopo la kupimia mvua, na sioni haja ya kuwacheka kwa hilo. Mmoja akauliza, "Madam, data zikiwa na mapengo tunafanyaje?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: kabla hujaliziba pengo, nenda ukamuulize aliyeliacha. Wakaandika. Ni jibu zuri, nimelitoa miaka zaidi ya ishirini, na kila nikilitoa watu huniona nina busara. Hawajui nimelipata wapi.

Mwaka nilipolipata jibu hilo nilikuwa na miaka ishirini na mitano, cheti kipya na jozi moja ya viatu vya ofisini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani Mkuyuni, juu ya duka la nyavu na kamba, kwa hiyo tulifanya uhandisi tukinusa nailoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Vyumba vilikuwa viwili vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba. Huku kompyuta mbili, ambazo kila jioni tulizifunika vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kule alikaa bosi wetu, Injinia Fidelis, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti isiyojua kwamba mbao hazizuii kitu. Umeme ukikatika, kisanduku cha betri kilianza kulia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake, nasi tulikuwa na dakika chache tu za kuokoa kazi. Saa saba mama lishe alipanda ngazi na sahani: ugali na dagaa, siku nyingine sato. Dirishani ulionekana upande mmoja wa ziwa na mawe yaliyobebana. Nilipapenda mahali pale kwa moyo wangu wote, na sitaki msomaji adhani nilikuwa mtu mwingine wakati ule. Nilikuwa huyuhuyu.

Kazi yenyewe naweza kumweleza yeyote mwenye subira. Barabara inapovuka mto, lazima mtu aseme maji makubwa kabisa yatakuwa kiasi gani, ndipo mkandarasi ajue kama atajenga daraja au atalaza mabomba ya zege na kufukia udongo juu. Mito yetu midogo haijawahi kupimwa na mtu. Basi unachukua mvua, ambayo imepimwa, unaipa programu, kisha unaieleza bonde lilivyo: ukubwa wake, mteremko, udongo, wapi pana mawe na wapi pana mashamba ya pamba. Nayo inakokotoa maji yatakayoteremka na saa yatakayofika kwenye barabara. Programu haina akili. Ukiipa uongo itaukokotoa kwa adabu ileile.

Mto wetu uliitwa Nyang'holo, mbele ya Usagara, kijito ambacho kiangazi mbuzi wanakivuka bila kulowa kwato. Kipimo cha mvua kilikuwa kimoja tu, nyumbani kwa Mzee Lushinge, katekista wa kigango cha ng'ambo ya mto. Kila siku saa tatu asubuhi alipima maji ya kopo, akaandika, akatia sahihi, na kila mwezi akatuma fomu mjini. Sisi hatukuwa na fomu hizo. Tulikuwa na orodha iliyochapwa na mtu fulani, tarehe na milimita basi. Nikaiingiza kwenye programu, na jibu likatoka: hapa panahitajika daraja. Injinia Fidelis akapeleka jibu kwa wenye mradi, akarudi amekunja uso. "Binti, namba hii haina mteja," akasema. "Hela ya daraja hakuna. Kaa nayo. Itazame vizuri, labda kuna kitu hukukiona."

Nikakaa nayo wiki mbili, na kweli nikakiona. Jumapili zote zilikuwa wazi. Miaka na miaka ya mvua, na hakuna hata Jumapili moja yenye namba. Na mvua kubwa kuliko zote, ile iliyokuwa inaupa mto wangu mafuriko ya kudai daraja, zaidi ya milimita mia, ilikuwa imeandikwa Jumatatu. Nilisimama peke yangu mle ndani nikapiga makofi. Jumapili katekista yuko kanisani, kwa hiyo kopo halipimwi; Jumatatu anapima maji ya siku mbili na kuyaandika kama ya siku moja. Kitabuni dawa ya ugonjwa huo ipo: mvua ya Jumatatu unaigawa, nusu unairudisha Jumapili. Nikazigawa Jumatatu zote. Mvua ile kubwa ikawa mvua mbili za kawaida, maji yakashuka, mabomba mawili ya zege yakatosha na nafasi ikabaki.

Jioni ile Injinia Fidelis alininunulia sato mzima wa kukaanga. Kesho yake alikuja mtu wa mradi, wakakaa nyuma ya mbao, nami nikasikia kila neno huku nikijifanya nachapa. "Huyu binti ametuokoa," alisema bosi. "Ana macho. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita, lakini huyu simwachii." Yule mgeni akasema vizuri, ila kwenye ripoti paongezwe sentensi moja, kwamba msomaji wa kipimo amethibitisha. "Ataenda mwenyewe," akajibu bosi. Moyo ulinijaa. Nimeshasifiwa na watu wakubwa tangu siku ile, mbele ya vipaza sauti, na hakuna sifa iliyoniingia kama ile ya kusikia kupitia ubao.

Nilipanda basi hadi Usagara, kisha nikabebwa kwa baiskeli. Mzee Lushinge alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha shingoni. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" kwa utaratibu kama anayeliandika, akanionyesha kopo lake limesimama ndani ya uzio wa miiba, na kile kioo chembamba chenye mistari ya milimita, akikishika kwa leso. Alikuwapo mgeni mwingine, mwenyekiti wa kigango, aliyekuja kwa mambo ya kanisa na akabaki kwa ajili ya kuku. Tukala sebuleni, wanaume wawili na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa serikali machoni mwao. Mkewe, Mama Milembe, alileta ugali na kuku, kisha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. "Leo Mhaya utakula chakula," mwenyekiti alinitania. "Zile ndizi zenu si chakula, ni kisingizio." Tukacheka. Nikaona ndio wakati.

"Mzee," nikasema, "samahani kwa swali. Siku ya Jumapili, kipimo huwa kinasomwa?"

Akaacha kutafuna. Hakunitazama mimi, alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akamtazama yeye kwa hamu ya kawaida ya mtu anayesubiri jibu. "Jumapili ni siku ya Bwana," Mzee akasema. "Saa tatu mimi niko mbele ya waamini. Jumapili hapa hakuna anayesoma." Nikatoa daftari nikaandika palepale. Mwenyekiti akatikisa kichwa kuridhika, akachukua paja la kuku.

Ningeondoka wakati ule, leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini nilikuwa nimelelewa, na binti aliyelelewa hali na kuacha vyombo vikitazamana, hata awe injinia. Nikakusanya sahani nikazipeleka jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha tope nyuma ya nyumba, chenye giza na moshi, na macho yalipozoea nikaona ukuta mzima umechorwa kwa mkaa. Mistari mifupi, mistari mirefu, na vimviringo kama mayai, vimepangwa safu kwa safu kutoka juu hadi usawa wa magoti. Nikamuuliza Mama Milembe ni michezo ya watoto? "Mtoto wangu mmoja tu, yuko shuleni, bodini," akasema. Akaendelea kusugua sufuria. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hizo ni mvua za Jumapili."

Hapo akanieleza yote, na Kiswahili chake cha Kisukuma nakisikia mpaka leo. Mumewe aliahidi kwa maandishi kwamba atasoma kwa macho yake na kutia sahihi yake. Jumapili hawezi, na kuandika asichokiona mwenyewe hataki, ni uongo. Lakini maji ya Jumapili yakiachwa kwenye kopo yanachanganyika na ya Jumatatu, na huo nao ni uongo. Basi kila Jumapili saa tatu Mama Milembe alipima, akamwaga, akachora ukutani. Kumi mstari mrefu, moja mstari mfupi, kukiwa kukavu yai. "Watu wanajua nina mguu mbovu," akasema, na akacheka kidogo. "Kila Jumapili mguu unauma. Mke wa katekista hasali, miaka yote, wangejua sababu ni kopo la serikali wangemvua ukatekista. Ndiyo maana amesema vile mbele ya mwenyekiti. Usimwandike vibaya huko mjini, mwanangu."

Nikamuuliza, na nilipokuwa nauliza nilijua sitaki jibu, kama anaikumbuka ile mvua kubwa, ya Jumatatu inayofuata Jumapili ya Matawi. Akanyoosha kidole bila kutafuta. Kulikuwa na yai, na pembeni yake amechora tawi dogo. "Kavu," akasema. "Watu walipita hapo na matawi wanaimba, vumbi limewafika magotini. Mvua ilikuja tumeshalala, ikaja yote kwa mala moja. Asubuhi baba Milembe alijaza kioo, akamwaga, akajaza tena." Akanitazama. "Hutamsema?" Nikamshika mkono wenye masizi, nikamwambia, "Sitamsema, mama." "Wabeja," akanishukuru. Akanifungia michembe kwenye kitambaa nikale njiani.

Hayakuwa maji ya siku mbili. Yalikuwa ya usiku mmoja, na mimi niliyakata katikati kama mkate. Kesho yake nilifika ofisini kabla ya wote, nikairudisha ile Jumatatu kama ilivyokuwa, nikaendesha programu. Maji yalipita juu ya mabomba yangu mawili kwa kimo cha mtu mzima. Nilikuwa bado naitazama namba ile, Injinia Fidelis aliposimama mlangoni na chai yake. "Enhe, mzee kasemaje?"

"Jumapili hawasomi," nikasema.

"Basi. Andika."

Alipoingia kwake nikalifuta lile faili. Miaka mingi nimejiambia kwamba nilitunza siri ya mama mmoja aliyenikabidhi heshima ya nyumba yake. Ni maneno matamu, na nusura niyaamini. Lakini hakuna aliyeniomba jina lake. Ningeweza kusema tu, bosi, nimekagua, Jumatatu zisigawanywe, na nisingemtaja mtu. Ningeweza kuiacha namba ilivyokuwa kabla sijaigusa. Watu husema heshima si utumwa; kwangu mimi heshima ilikuwa shuka la kufunikia woga, na chini yake kulikuwa na mkataba wa kazi na sato wa kukaanga. Mwezi wa sita nikapewa mkataba. Mwezi wa tisa, kiangazi, mabomba yakalazwa Nyang'holo, na Injinia Fidelis akanipeleka kuyaona. Yalikuwa meupe, mazuri, nami nikapigwa picha nimesimama juu yake.

Mvua ikaja Desemba. Jumatatu simu ya ofisi ililia, bosi akaongea nyuma ya mbao, mara hii kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia, kisha akatoka amevaa koti. "Nyang'holo imekatika jana asubuhi," akasema. "Watu walikuwa wanavuka kwenda kanisani. Kuna mama amekwenda na maji." Njiani alirudia mara tatu kwamba mvua ya Mungu haina anayeikadiria. Alikuwa anasema kweli kwa upande wake. Hakujua, na hadi anastaafu hakujua. Kosa lake lilikuwa kupenda namba ndogo, na nani hazipendi. Tulikuta bomba moja limelala shambani mbali na mto, limejaa matawi, na mahali pa barabara pana mwanya ambao trekta lingeweza kujificha ndani yake. Nikauliza aliyekufa ni nani. Mwanamume aliyekuwa na koleo akasema, "Mke wa katekista. Yule wa mguu."

Naandika haya nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Mama Milembe, na bado sehemu hii inanishinda. Mzee Lushinge alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, shati limefungwa kifungo cha shingoni. Nikapiga magoti nikampa pole. Akanishika kichwa. Akasema polepole, ili wengine wasisikie, kwamba tangu siku niliyouliza swali langu mezani aliingiwa na hofu, akaona siri yao imezeeka, siku moja itawaaibisha. Akamwambia mkewe aache kopo, aende kusali kama wanawake wengine. "Alifurahi sana," akasema. "Alishona nguo mpya. Wewe mwanangu hukutusema, nimesikia hukutusema. Mungu akubariki." Swali langu lilimtoa nyumbani, na namba yangu ilimsubiri njiani. Nikasema amina. Sikurudi kwake tena. Kila nilipopangiwa kazi za upande ule nilimtuma mtu mwingine, na ofisini wakadhani siipendi njia ya vumbi.

Mazishi ya Mzee yalikuwa na watu wengi. Mtoni pana daraja sasa, la zege, refu, nami nilipopita juu yake nilitazama mbele tu. Milembe ni muuguzi Nyegezi, mwanamke mzima mwenye kimo cha baba yake, na aliponipokea alilia begani kwangu kama ndugu. Baada ya watu kula alinichukua ndani. Akaniambia baba yake aliacha ukatekista mwaka uleule wa msiba, bila kueleza sababu kwa yeyote, na tangu hapo hakuna Jumapili aliyoacha kusoma kipimo. Fomu zake zilikuwa kwenye sanduku, zimejaa, hazina pengo hata moja. Kibanda cha jiko kilishaanguka zamani. Kisha akafungua leso na kunipa kile kioo chembamba, mistari yake imefifia. "Baba alisema upewe wewe," akasema. "Alinisimulia habari za mama na kopo mwaka jana tu, alipoanza kuumwa. Akasema kuna binti wa Kihaya alijua yote na akatunza heshima ya mama hadi leo. Nikasema binti wa namna hiyo lazima nimwone. Kwenye arobaini utakaa na sisi mbele, dada, umeshakuwa wa hapa."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Ndiyo, hata pale.

Kioo kilikaa mezani kwangu wiki tatu, na msichana anayenisaidia kazi akaweka ua ndani yake, akidhani ni chombo cha maua. Nililitoa lile ua nikakaa nikaandika sura hii ya kitabu changu kwa siku nne, bila kulisaza lile faili nililolifuta. Nikaichapa nakala moja, nikaifunga pamoja na kioo kwenye leso ileile, nikaipeleka Nyegezi kwa mkono wangu hadi getini pa hospitali anayofanya kazi, nikamwachia mlinzi. Sikuwa na ujasiri wa kumngoja atoke.

Ujumbe wake ulikuja Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi. "Nimesoma yote. Kioo nitakirudisha kijijini mahali pake. Unaweza kukichapisha kitabu, jina la mama usilibadilishe. Kwenye arobaini usije."

Nilikuwa nimeshashona nguo.